Goti la Kabula

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie namna ya kumtambua mchezaji wa kikapu ambaye wengine wamempita. Nimekaa na daftari siku tatu hapa barazani kwangu Kahama, na mke wangu, Mama Zuhura, kila akipita anauliza kama bado naandika jina langu. Tatizo ni kwamba kila nikianza na mchezaji niliyemwona vizuri, kalamu inakimbilia kwa yule niliyemwona vibaya. Basi acha ikimbie. Mtakayoyaona ya kuwafaa njiani, yachukueni.

Kwa mlioingia kazini juzi na hamnijui, mimi ni Shabani, mtafuta vipaji wa klabu yetu ya wanawake kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Waliniita Mzee Jicho. Baadaye waliniita jina jingine, nitawaambia. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vyuo, vya ualimu, vya afya, vya ufundi, kuanzia Shinyanga hadi Geita na kuteremka mpaka ziwani, nikiwatazama wasichana wa mwaka wa mwisho kabla ya Mgawo.

Mgawo mnaujua, lakini nauandika kwa ajili ya mjukuu wangu ambaye atasoma haya na hajui kitu. Ni siku ambayo klabu zote za ligi yetu ya kulipwa hukaa katika ukumbi mmoja pale Shinyanga na kuchagua kwa zamu wachezaji wanaomaliza chuo. Iliyoshika mkia msimu uliopita huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na kila klabu huchukua wawili tu. Msichana akichaguliwa, klabu humtafutia na kazi ya taaluma yake karibu na uwanja. Asipochaguliwa anarudi kwao na cheti chake, na kikapu kinaishia hapo, maana mwaka wa pili wa kujaribu haupo. Kwa hiyo unapoandika neno moja kuhusu mtoto wa watu kwenye karatasi yako, jua kwamba linakwenda mbali kuliko wewe.

Sisi hatukuwa klabu ya kupigania wachezaji waliokwisha kusifiwa. Hao walikuwa na wenyewe. Tuliishi kwa vyuo vidogo ambavyo uwanja wake una mbuzi upande mmoja na kamba za kuanikia nguo upande wa pili. Wachimbaji wa huku kwetu wana kitu wanachokiita marudio: mchanga uliokwisha kupita karashani, yaani kwenye mashine ya kusaga mawe, ukaoshwa, dhahabu ikatolewa, kisha ukamwagwa pembeni. Akija mwingine mwenye subira akausafisha kwa njia yake, anapata dhahabu tena. Mimi nilikuwa mtu wa marudio. Niliwahi kumweleza hivyo kocha mmoja mgeni wa chuo, nikimsifia mchezaji wake, akadhani nimemwita mtoto takataka, na chai niliyokuwa nimeandaliwa haikuletwa.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwahi kushika mpira wa kikapu maishani mwake. Alikuwa Mzee Lutonja, dalali wa ng'ombe katika mnada, mtu mfupi mwenye kofia ya pama iliyokunjika kama chapati. Klabu ilimchukua kwa sababu ilikuwa haina mtu mwingine, naye alikubali kwa sababu binti yake alikuwa anacheza. Mnadani, Mzee Lutonja hakujali pembe wala rangi. Alichuchumaa, akashusha kofia mpaka ikafunika nusu ya macho, akaomba ng'ombe atembezwe. Alikuwa anatazama kwato na magoti tu. Alipokuja uwanjani alifanya vilevile. Alichuchumaa kwenye kona, kofia chini, na mechi nzima hakujua nani kafunga.

Siku ya kwanza nilimuuliza anaona nini huko chini. Akanijibu, "Huko juu wanadanganya. Mtu akitaka kwenda kulia, macho yatakwambia kushoto, mikono itakwambia kushoto. Mguu ndio unajua anakokwenda." Nilichuchumaa karibu naye. Mwisho wa mechi mapaja yalikuwa yanawaka moto na nilikuwa nimeona kikapu kipya kabisa. Miguu inasema nani amechoka na hataki kukiri. Inasema nani anaogopa kuruka kwa sababu aliwahi kuumia. Na soli ya raba iliyolika upande mmoja inakueleza habari ya mchezaji ambayo kocha wake hajui.

Alinifundisha mengine pia. Fika kabla ya mazoezi ya kupasha mwili, siyo wakati wa mechi. Usimuulize kocha habari za mchezaji, maana kocha anamsifia kila mtu. Muulize mpishi wa chuo, yeye ndiye anayemjua anayeamka alfajiri kukimbia na anayekuja kuomba ukoko. Mchezaji akitolewa, msahau uwanja, mtazame alipo kwenye benchi. Na baada ya mechi waliyofungwa, nenda ukaombe maji. Mzee Lutonja hakuwa na kiu. Alitaka kuona nani, akiwa amefungwa na amechoka, bado anakumbuka kwamba kuna mzee pale anayehitaji maji. Alikunywa maji mengi sana mzee yule, Mungu amrehemu, na basi la kurudi Kahama lilikuwa likisimamishwa kila baada ya kijiji kimoja kwa ajili yake.

Jambo moja alilonisisitizia sikulishika. Alisema, mchezaji unayemchukua utamjua tu, utakuwa naye. Unayemkata ndiye wa kumfuata mpaka kwao kabla hujamkata. Mimi niliona ni nauli ya bure. Nani anapanda basi kwenda kumtembelea mtu asiyemtaka? Alipofariki nilirithi kofia yake ya pama. Nilirithi kuchuchumaa na nilirithi kuomba maji. Ile ya kusafiri niliiacha kwenye msiba.

Sasa tuje kwa Kabula.

Kabula alikuwa anasomea utabibu katika chuo kimoja kidogo, mwaka wa mwisho. Mfupi, mwembamba, anachezesha timu. Nilikwenda kumtazama katika mechi ya mwisho ya mashindano ya vyuo, na mwamuzi aliyepangwa alikuwa amekwama njiani na gari bovu. Wakamwomba mzee mmoja aliyekuwapo, mwalimu mstaafu kutoka Kharumwa, Mwalimu Masanja, aliyewahi kuchezesha mechi zamani. Akavua koti, akapewa filimbi. Mimi hayo nilisimuliwa baadaye. Wakati huo nilikuwa tayari kwenye kona yangu, nimechuchumaa, kofia imeshuka, naona dunia kuanzia kiunoni kwenda chini.

Miguu ya Kabula ilikuwa mizuri mpaka nilicheka peke yangu. Ilikuwa haigusi ardhi zaidi ya inavyohitaji. Kisha, dakika chache tu tangu mechi ianze, goti la kushoto likalegea. Alikuwa amesimama kando ya mstari, hakuna anayemgusa, na goti likashuka hivi, likapanda. Nikajiambia ni bahati mbaya. Likarudia. Nikaanza kuweka alama kwenye daftari. Alipokuwa anakimbia, hapana. Alipokuwa anaruka, hapana. Lakini akisimama tu, akitulia, goti linashuka. Nilihesabu mara saba. Moyo uliniuma kweli, maana nilikuwa nimekwisha kumpenda. Nilikuwa nimewahi kuona ng'ombe wa namna ile: mbio anazo, lakini akisimama anatetemeka, na mwaka hauishi.

Nikaandika mistari mitatu. Mikono mizuri. Anauona uwanja. Goti la kushoto linalegea, asichukuliwe. Sikwenda kuomba maji siku hiyo, kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi.

Kama ningekaa na maneno yangu mfukoni, madhara yangekuwa ya klabu yangu tu. Lakini nilikuwa na sifa, na mtu mwenye sifa mdomo wake mwepesi. Kesho yake pale stendi ya Kahama nikakutana na mwenzangu wa klabu nyingine tukanywa chai, akaniuliza habari za yule msichana mfupi, nami nikampa somo zima la magoti, bila yeye kuniomba somo. Siku hizo ilikuwa desturi, wakiona nimefunga daftari langu, na wao wanafunga yao. Ndani ya wiki moja hapakuwa na klabu ambayo haikuwa na habari kwamba Kabula ni mgonjwa wa goti. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kumwona.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri, kwa nini hawakutazama video? Ilikuwapo. Kuna mwanafunzi alirekodi mechi kwa simu, na klipu zilizunguka: Kabula anapora mpira, Kabula anafunga, watu wanapiga kelele. Lakini wenye klipu hukata pale mpira unaposimama. Nani atunze kipande cha mtu kusubiri? Basi nanyi na vishikwambi vyenu msinicheke sana. Mimi kofia ilinificha yaliyo juu, nanyi klipu zinawaficha yaliyo katikati. Kila mtu ana kofia yake.

Siku tano kabla ya Mgawo simu yangu ikaita, namba nisiyoijua. Sauti ya mzee, taratibu, kwa Kiswahili cha ubaoni. Akajitambulisha kuwa ni Mwalimu Masanja wa Kharumwa, akaniuliza kama mimi ndiye niliyeandika kwamba Kabula ana goti bovu. Nikasema ndiye. Akauliza nililiona wapi. Nikamtajia mechi. Kisha akasema nifike kwake kesho, na nisipofika atakuja yeye Kahama, na yeye akija atakuja na wazee wenzake.

Nilikwenda. Mama Zuhura alinifungia maandazi na kuniambia kwamba mtu akiitwa na mwalimu, hata akiwa na mvi, ajiandae kuchapwa.

Mwalimu Masanja alinipokea vizuri, na hilo lilinitisha zaidi. Alinipa kiti nje ya nyumba yake, kinachotazama uwanja wa shule ya msingi aliyoiongoza zamani. Hakugusia goti. Aliniuliza habari za mvua, za bei ya mchele, za afya ya nyumbani. Watoto walikuwa wanacheza, na katikati yao alikuwapo Kabula, yuko likizo, anawafundisha kudunda mpira. Mwalimu akamwita kwa jina, mara moja.

Alikuja mbio. Kati ya uwanja na nyumba kulikuwa na mtaro mpana wa maji ya mvua, ambao mimi nilikuwa nimeuzunguka mbali wakati wa kuingia. Aliuruka bila kupunguza mwendo, akatua kwa mguu wa kushoto, akaendelea. Alipofika mbele yetu akasimama, akatulia. Mwalimu akampa kikombe cha maji aniletee. Kabula akanyoosha mikono yote miwili kukipokea, na goti la kushoto likashuka hivi, likapanda.

Akageuka kwangu na kile kikombe. Goti likashuka tena. "Shikamoo, Babu," akasema.

Nilichelewa kuitikia marahaba. Naomba mnielewe, mimi si mgeni wa nchi hii. Mama yangu ni Msumbwa, na nimewaona wasichana wa Kisukuma wakipiga goti kwa wakubwa tangu nikiwa mtoto. Lakini baba yangu alikuja huku na biashara kutoka pwani, na katika nyumba yetu ya mjini tuliamkia kwa mdomo na mkono, basi. Goti lilikuwa jambo la nyumbani kwa watu wengine, la jikoni na la msibani. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu anaweza kuingia nalo uwanjani akiwa amevaa jezi.

Mwalimu Masanja akanieleza bila kuinua sauti. Alimfundisha Kabula kusoma tangu akiwa na miaka saba. Siku ile ya mechi, kila mpira ulipotoka, yeye kama mwamuzi alikuwa akiuchukua na kumkabidhi mchezaji mkononi, siyo kuutupa kama vijana wanavyofanya. Kabula ndiye aliyekuwa akiuingiza. Na Kabula hawezi kupokea kitu mkononi mwa Mwalimu Masanja akiwa amesimama wima, hata kama dunia nzima inasubiri. Watu waliokuwa pale wote waliona. Hakuna aliyecheka wala kusema neno, kwa sababu hakuna aliyeona ajabu. Ni mimi peke yangu, niliyesafiri kwenda kuona, ambaye sikuona mkono wa mzee wala mpira. Niliona goti.

"Umeandika adabu ya mtoto ukaiita ugonjwa," Mwalimu akaniambia. Nikanywa yale maji.

Kabula alikuwa amesikia habari zote. Nilimuuliza kwa nini hakunipigia mwenyewe. Akasema angeanzaje kumpigia mzee na kumwambia amekosea. Aliyasema hayo akitazama chini, na siyo kwa unyonge, alikuwa ananihurumia. Kisha akaniuliza swali moja tu, kama mtu akiachwa katika Mgawo anaweza kuomba kujaribiwa mwaka unaofuata. Alijua jibu. Alitaka kulisikia kutoka kwangu. Nikamwambia hapana, na katika maisha yangu ya kazi sijawahi kutamka neno lililonielemea kiasi kile.

Kocha wetu wakati huo alikuwa Dotto, mwanamke mkali na mwenye akili, niliyempenda kama mdogo wangu na kumwogopa kama mama yangu. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akawa kocha tena. Klabu yetu ilihitaji wasichana warefu wawili, na tulikwisha kuamua tutawachagua nani. Dotto hakumhitaji Kabula. Akaniambia nitulie. Nikisimama mbele ya klabu zote na kukiri kwamba Mzee Jicho hajui tofauti ya heshima na maradhi, nani atatuamini tena tukija kuomba wachezaji vyuoni? "Jina lako ndilo mali pekee tuliyonayo, Mzee," akasema. Na alikuwa mkweli. Hatukuwa na uwanja wetu, hatukuwa na gari. Tulikuwa na macho yangu.

Siku mbili nzima nilizunguka na jambo hilo. Nitasema ukweli, kwa sababu nimezeeka na haunigharimu tena: nilitafuta njia ya kumsaidia Kabula bila kujiaibisha. Nilifikiria kumnong'oneza mtu mmoja wa klabu moja. Nilifikiria kusema kwamba goti limepona. Mama Zuhura alinisikiliza nikipanga yote hayo, akasema, "Ulipomchafua ulisema stendi, watu wamejaa. Sasa unataka kumsafisha chooni?"

Siku ya Mgawo ukumbi ulijaa. Klabu zilikaa mbele kwenye meza, wasichana walikaa nyuma katika sare za vyuo vyao, mikono mapajani, kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kabula alikuwa mstari wa mwisho. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, mfanyabiashara wa mchele, ambaye hakuna aliyewahi kumkatiza maneno akabaki salama. Alipochukua kalamu kuita klabu ya kwanza, nilisimama. Dotto alinivuta shati chini ya meza. Kifungo kimoja kilitoka na kubingirika sakafuni, na kila mtu akakitazama.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina dharura. Nikasema ninayo. Nikasema kuna msichana ambaye wote humu mmesikia kwamba goti lake la kushoto ni bovu, na kwamba habari hiyo ilitoka kwangu. "Goti lile ni zima. Mimi ndiye niliyekosea." Watu walianza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti kwamba sasa Mzee Jicho anataka kuwauzia mchezaji mgonjwa. Mwenyekiti akaniuliza kwani nimekuwa daktari lini. Nikamwambia sina haja ya daktari. Nilimwomba amwite Kabula mbele, amkabidhi ile kalamu aliyoshika, basi.

Akaitwa. Alipita katikati ya viti, wote wakimtazama miguu. Mwenyekiti akanyoosha kalamu. Kabula akanyoosha mikono miwili, na goti la kushoto likashuka hivi, likapanda.

"Ndilo hilo," nikasema. "Mwamuzi alikuwa mwalimu wake."

Aliyeanza kucheka ni Mwenyekiti mwenyewe, na kwa kuwa yeye amecheka, wote wakawa na ruhusa. Walicheka hasa. Wengine walipiga meza. Nilisimama pale na shati langu lisilo na kifungo nikachekwa na watu ambao kwa miaka yote walikuwa wakinipisha mlangoni. Iliniuma, siwezi kuwadanganya, nilitamani ile kofia niivute mpaka kidevuni. Kisha nikamwona Kabula naye anajizuia kucheka, amebana midomo, mabega yanatikisika, na nikaona kwamba nitaishi.

Mtu wa klabu moja akataka kumwona akiruka. Darini palikuwa na mapambo ya karatasi yaliyobaki kwenye harusi ya mtu. Kabula akavua viatu vya shule, akaruka, akashuka na pambo mkononi, akatua kwa mguu wa kushoto. Akarudisha kalamu kwa Mwenyekiti, na goti likashuka tena. Wakacheka upya, lakini safari hii kwa namna nyingine.

Klabu ya kwanza ikachagua mwingine. Ya pili ikachagua mwingine. Ya tatu ilikuwa klabu ya Nkome, iliyokuwa ikiendeshwa na mama mnunuzi wa dagaa, mwenye sauti ya kusikika mtumbwi kwa mtumbwi. Hakuinuka hata kwenye kiti. "Nkome inamchukua huyo mwenye adabu," akasema.

Dotto aliinama, akaokota kifungo changu, akakiweka mbele yangu mezani.

Msimu uliofuata Kabula alitufunga. Ilikuwa Geita, mpira wa mwisho, alimpita msichana wetu mrefu kama mtu anayezunguka nguzo ya umeme. Nilijisahau nikapiga makofi. Tangu Geita hadi Kahama Dotto hakunisemesha, na tulikuwa tumekaa kiti kimoja. Aliendelea kutufunga kwa miaka kadhaa. Kuhusu jina langu, lilibadilika siku ileile ya Mgawo, nikawa Mzee Goti. Vyuoni hawakutufungia milango kama Dotto alivyohofia. Wasichana walikuwa wakija wenyewe kumwona mzee aliyechekwa, na wakija wanaleta maji bila kuombwa. Wenzangu wa klabu nyingine, kwa upande wao, waliacha kufunga madaftari yao wakiona nimefunga langu. Wakaanza kutazama wenyewe, na nadhani hiyo ndiyo huduma kubwa niliyoifanyia ligi hii.

Kuanzia hapo kila niliyemkata nilimfuata kwao kwanza. Nauli ilikuwa inanimaliza. Nilifika vijiji ambavyo sikujua kama vipo, nikala ugali na maziwa ya mgando kwa watu ambao nilikuwa nimekuja kumkataa binti yao. Wengi niliwakata hivyohivyo, msidhani nilikuwa laini. Lakini wawili nilirudi nikafuta nilichoandika. Kama mnataka somo, hilo ndilo. Kuchuchumaa endeleeni nako, ila vueni kofia.

Naona Mama Zuhura anataka baraza lake alifagie, kwa hiyo nimalizie la mwezi uliopita.

Mnajua kwamba nimeanza kutembelea fimbo. Miaka ile yote ya kuchuchumaa imekuja kunidai. Nilikwenda kituo cha afya, nikakaa foleni, nikaitwa ndani, na nyuma ya meza alikuwa tabibu mwenye miwani na koti jeupe. Kabula. Ameacha kucheza, ana watoto wawili, amehamia huku Kahama, na siku ile hata mwezi alikuwa hajamaliza. Alinyanyuka, akaja mpaka nilipo, akanipokea fimbo, akapiga goti. Shikamoo Babu, marahaba mjukuu wangu, za siku nyingi, za nyumbani. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kilichonipeleka.

Akaniambia nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Nilipogeuka nikaona hatazami miguu yangu kabisa. Alikuwa ananitazama usoni, anatafuta ni hatua ipi inayoniuma. Nikafikiri, Mzee Lutonja angempenda huyu, ingawa anatazama juu. Kisha akakaa akaandika, akanigeuzia faili nisome, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa matabibu wengi: goti la kushoto linalegea.

"Una uhakika umetazama vizuri?" nikamuuliza.

Akasema ametazama. Akachukua karatasi ya dawa, akaninyooshea. Nikainuka kuipokea kwa mikono miwili, fimbo iko ukutani, na palepale goti langu likashuka, bila ruhusa yangu, likagoma kidogo, likapanda.

Kabula akalitazama goti. Akanitazama usoni.

"Marahaba," akasema.